Ukurasa wa Nne wa Fomu ya Boti

Baba alipostaafu alinunua boti, na mtaa mzima wa Shauri Moyo ukapata cha kuchekea. Wenzake waliotoka naye kiwandani mwaka ule walinunua ploti, wengine walifungua vioski, mmoja akaoa mke wa pili na pesa zake zikaishia hapo. Baba alipanda gari la moshi hadi Kisumu, akapotea wiki mbili, kisha akarudi na picha moja ya boti ya mbao imelala mchangani, yeye mwenyewe amesimama kando yake na kofia yake ya kanisani. Vijana waliokuwa wakishinda ukutani karibu na bomba la maji walimngoja apite.

"Sasa mzee! Hiyo boti utapaki wapi, kwa Mto Nairobi?"

Baba aliwajibu kwamba Mto Nairobi hauna maji ya kutosha hata kuosha miguu yao. Siku hizo alikuwa na jibu la kila mtu. Alikuwa ametumikia kiwanda cha blanketi tangu kabla sijazaliwa, akivuta pumzi iliyojaa manyoya ya pamba, na sasa alitembea kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nilimpenda sana alivyokuwa wakati ule, na nitangulize kusema hivyo kwa sababu mengi nitakayoyaeleza hayatampendeza mtu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mpiga chapa katika ofisi ya wauza vyuma mjini, nikiishi na Baba kwenye chumba chetu cha baraza la jiji. Mama alikuwa nyumbani kwetu ziwani, akiangalia shamba. Kaka yangu, mkubwa wangu kwa miaka minne, alikuwa amepanga mlango wa tatu kutoka kwetu pamoja na mkewe na binti yao aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema. Wifi yangu alikuwa Mluhya na sisi ni Wajaluo, kwa hiyo tukiwa pamoja tulizungumza Kiswahili. Kazi yake ilikuwa kushona magunia yaliyochanika kwa wafanyabiashara wa Gikomba. Alikaa mlangoni na shazia yake, ile sindano ndefu ya magunia, na mikono yake haikupumzika hata akiwa anakuangalia usoni.

Kaka alikuwa kibarua wa Industrial Area. Asubuhi alisimama kwenye mageti pamoja na mamia ya wengine, akachaguliwa au asichaguliwe. Kwa hiyo Baba alipomwambia, "Boti ni yako kuendesha, uende ukabebe watu na mizigo kutoka visiwani," hakuna aliyeuliza zaidi. Hata yeye hakuuliza. Alifunga begi akaenda. Kaka yangu alizaliwa Nairobi, akalelewa juu ya lami, na ziwa alilijua kwa likizo za Desemba tu, akiwa ufukweni na sisi wengine tukila samaki. Lakini kwa Baba jambo hilo halikuwa na uzito wowote. Damu ni damu, alisema, na sisi ni watu wa ziwa.

Wazo la bima lilikuwa la Baba mwenyewe. Miaka kadhaa kabla ya hapo, nusu ya kiwanda chao iliungua, na wafanyakazi wote walidhani kazi imekwisha. Baada ya miezi michache mashine mpya zilishushwa kwenye malori, zinang'aa, bora kuliko za kwanza, na msimamizi akawaambia kwamba zimelipwa na bima. Baba hakuisahau siku hiyo. Aliniita jioni moja, akanipa picha ya boti niishike, akasema, "Mama, nataka boti yangu iwe kama kile kiwanda." Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. "Utafute kampuni. Usichukue ya kwanza. Ulinganishe."

Nililinganisha. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii namna ile, si kwa bosi yeyote. Kwa wiki tatu nzima nilikula chakula cha mchana nikitembea.

Kampuni ya kwanza ilikuwa kwenye jengo lenye lifti na zulia. Nilikwenda na Baba, amevaa suti. Karani mmoja kijana mwenye tai alituuliza kama boti ni ya matembezi.

"Ni ya kazi," Baba akasema.

"Na anayeendesha ana uzoefu wa miaka mingapi?"

"Sisi ni watu wa ziwa."

Karani aliandika. Kaka alikuwa na mwezi mmoja ziwani. Kampuni hiyo ilikuwa tayari kulipa karibu kila kitu: dhoruba, moto, injini ikiibwa, hata boti yetu ikigonga boti ya mtu mwingine. Lakini ada yao ya mwaka ilikuwa kama mshahara wangu wa miezi minne, tena walitaka mkaguzi wao asafirishwe hadi ziwani, alale hotelini, ale, na yote hayo yakiwa juu ya Baba. Tulishuka kwa ngazi. Baba alisema lifti inamtia kizunguzungu.

Ya pili ilikuwa rahisi kuliko zote, robo tu ya ile ya kwanza, na nilikaribia kuipenda mpaka niliposoma maandishi madogo. Walilipa pale tu boti inapopotea kabisa. Nilimuuliza yule mama aliyekuwa dirishani, je, ikivunjika nusu? "Hiyo ni yako," akasema. Injini ikiibwa ikiwa nchi kavu? "Hiyo pia ni yako." Nilimuuliza yao ni ipi basi. Alicheka, akaniambia nimwite anayefuata kwenye foleni.

Ya tatu haikuwa na ofisi ya maana. Ilikuwa na wakala, mzee mmoja aliyekuwa na chumba River Road, juu ya fundi wa nguo, na yeye alifanya kazi kwa kampuni ya Mombasa iliyozoea vyombo vya majini. Ada yake ilikuwa katikati. Alilipa boti ikivunjika na ikipotea, alilipa injini hata ikiibwa ufukweni mradi ilikuwa imefungwa kwa mnyororo, na hasara ndogo ya mwanzo mwenye boti aliibeba mwenyewe. Ukaguzi ulitosha kwa barua ya afisa wa kule kule. Na ndiye pekee aliyeniuliza ni watu wangapi wanafanya kazi ndani ya boti. Nilimwambia watatu, kaka yangu na vijana wawili wa ufukweni. "Basi kuna ukurasa wa nne," akasema, "na nyongeza yake ni kidogo sana. Usiuache."

Nilitengeneza jedwali. Nililipiga kwenye taipu ya ofisi wakati bosi ameenda kula, na karatasi ya kaboni katikati ili nibaki na nakala: kampuni tatu juu, na chini kila swali tulilowauliza, moja baada ya jingine. Mistari ilinyooka vizuri mno. Nilikuwa na majivuno na kile kikaratasi ambayo leo yananiudhi nikiyakumbuka.

Nilimsomea Baba Jumapili baada ya kanisa, mlango wazi, chai mezani. Wifi alikuwa amekaa kizingitini na gunia mapajani, kwa sababu kwa heshima ya mkwe hakuingia ndani kabisa Baba akiwepo. Mtoto alikuwa akivuta nyuzi za gunia. Baba alisikiliza amefumba macho. Kila nilipomaliza mstari aliuliza maswali makali, ya mtu aliyekaa na mashine maisha yake yote: mnyororo wa unene gani, ni nani atathibitisha upepo ulikuwa wa nguvu, watalipa baada ya muda gani. Mwisho akafumbua macho.

"Huyu wa River Road. Huyu anajua maji."

"Hata mimi nimeona hivyo, Baba."

"Soma fomu yake yote."

Nikasoma, nikimtafsiria. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikafika wa nne.

"Jina la mfanyakazi. Umri. Akifariki akiwa kazini, alipwe nani, kiasi gani."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Ni nani amekufa?" Baba akauliza.

"Hakuna, Baba. Ni kwamba akifa..."

"Nani akifa?"

Ningelitaja jina gani? Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume.

"Kijana yuko kazini, mzima, ameniandikia barua juzi," Baba akasema, "halafu mimi baba yake nikae hapa na chai, niandike atakayekula pesa siku akifa? Nimpe na bei?"

"Ni karatasi tu, Baba."

"Karatasi ya kiwanda iliandikwa mashine. Mashine andika zote. Mtu usiandike."

Kwetu, mtu akiwa mzima huwezi kumchongea jeneza, huwezi kumpimia kaburi, huwezi hata kusema mbele yake nani atachukua viatu vyake. Nilikuwa nimelijua hilo tangu utotoni, kama kila mtu wa kwetu anavyolijua. Baba hakuwa mjinga na sitaki mtu amwone hivyo. Alikuwa anamlinda mwanawe kwa njia pekee aliyofundishwa. Nilipomtazama wifi, shazia ilikuwa imesimama katikati ya gunia.

Kesho yake jioni alinifuata kwenye karo tulikofulia nguo. Alingoja majirani waondoke, kisha akatoa bahasha kwenye kifua cha gauni lake.

"Wifi, ile fomu umeshapeleka?"

"Bado. Napeleka kesho."

"Andika jina lake kwa hiyo karatasi ya nne. Nyongeza ndiyo hii, uhesabu. Baba hasomi Kiingereza. Hatajua."

Nimejiuliza mara nyingi ni kipi hasa kiliniudhi. Kwamba alisema Baba hasomi, ingawa ni kweli. Kwamba alikuwa ametafuta pesa kimya kimya, akazihesabu, akalifikiria jambo hilo usiku mzima huku mume wake anahangaika ziwani. Na chini ya yote hayo kulikuwa na woga. Mimi niliyesoma, niliyevaa sketi ya ofisi na kumcheka dada wa jirani kwa kuogopa bundi, niliogopa kuandika jina la kaka yangu kwenye mstari ule.

"Wewe unataka kumla mume wako akiwa hai?" nilimwambia.

Alinitazama. Macho yake yalikuwa makubwa na hayakuwa na hasira hata kidogo, afadhali angelikasirika. Akairudisha bahasha kifuani.

"Basi, wifi. Yaishe."

Asubuhi niliiingiza fomu kwenye taipu, na penye majina ya wafanyakazi nikapiga neno la Kiingereza lenye maana ya hakuna. Nilimpelekea wakala. Aliangalia ukurasa wa nne, akaniangalia, akapiga muhuri.

Miezi minane baadaye nililetewa simu ya maandishi ofisini. Boti ilikuwa inatoka kisiwani mchana, imepakia mahindi, upepo ukaingia kutoka upande ambao hawakuutegemea, maji yakajaa. Wale vijana wawili wa ufukweni walishika mitungi ya mafuta iliyokuwa mitupu, wakaelea mpaka wakaokolewa. Kaka yangu hakushika kitu. Alipatikana siku ya tatu, mbali, kwenye matete. Boti ilipasuliwa na mawe na injini haikuonekana tena.

Nilikuwa nimesoma mambo mengi juu ya kufa maji, kwenye zile fomu. Hayakunisaidia lolote. Nililia pale pale juu ya taipu, na bosi akaniletea glasi ya maji, na nilipoyaona yale maji nikapiga kelele.

Msiba ulikaa kwetu Shauri Moyo siku nne kabla ya kusafiri kwenda kuzika, tukichanga nauli. Kanisa lilituazima mabenchi, yakajaa chumba na kumwagika nje hadi karibu na bomba. Wifi alikaa chini kwenye mkeka, nywele zimefungwa kitambaa, mtoto amelala mapajani. Hakuwa amesema neno tangu habari ije. Baba alikaa kwenye kiti chake na watu walikuja kumshika mkono mmoja mmoja.

Siku ya pili, mchana, baba mdogo alifika. Huyu alikuwa mdogo wake Baba, mlinzi wa ghala moja la Industrial Area, mtu wa sauti kubwa na maswali. Alilia kwa adabu, akakaa, akapewa chai. Kisha akauliza kama boti ilikuwa na bima.

"Ilikuwa nayo," Baba akasema.

"Kwa hiyo watalipa?"

"Watalipa. Boti na injini."

Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akasema angalau hilo, jasho la mzee halikupotea lote. Mwingine akauliza italipwa bei ya upya au ya sasa, na Baba, mwanawe akiwa bado hajazikwa, akaanza kumweleza. Sijui alikuwa anajificha wapi ndani ya maelezo yale. Leo namwelewa. Siku ile nilitaka kumkaba koo.

"Boti!" nilisema, na nilijikuta nimesimama. "Boti na injini watalipa, na mnyororo pia, mkitaka! Mtu hamkutaka aandikwe. Ukurasa ulikuwepo. Wifi alikuja kuniomba niandike jina la kaka, akaleta hata pesa mkononi, na mimi nikamkatalia. Haya, kunyweni chai."

Nilitaka kuwachoma. Nilitaka Baba asikie, nami mwenyewe nisikie, kwamba kati yetu sote kulikuwa na mtu mmoja aliyefikiria huyu mtoto atakula nini. Naapa hicho ndicho nilichotaka kusema.

Baba mdogo aliweka kikombe chini pole pole.

"Aliomba lini?" akauliza. Hakuwa ananiangalia mimi.

"Wakati wa fomu," nikasema.

"Kijana akiwa mzima."

"Ndiyo, akiwa mzima, ungetaka aombe lini?"

"Na pesa zilipwe nani?"

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Nilimgeukia wifi ili aseme, aeleze, anitukane, chochote. Wanawake waliokuwa wamekaa naye mkekani walikuwa wamejisogeza, si sana, kiasi cha kiganja, lakini pande zote mbili. Yeye aliinama akamfunika mtoto miguu.

"Wewe mama," baba mdogo akamwambia, "ni nani alikuambia mume wako atakufa?"

Wifi hakujibu. Baba mdogo aliuliza mara ya pili na ya tatu. Mimi nilikuwa nikisema siyo hivyo, siyo hivyo, mnaelewa vibaya, na hakuna aliyenisikiliza. Baba aliangalia ukutani. Neno moja lake lingetosha, na hakulisema.

Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemfukuza. Sisi si watu wa namna hiyo, kama tulivyopenda kusema. Tulimzika kaka, na mazishini wifi alipopika watu walishiba ghafla. Alipochota maji, mtungi wake ulibaki umejaa mpaka jioni. Mama, ambaye alikuwa akimpenda, alianza kupokea chakula kutoka kwa mke wa jirani. Wiki ya tatu kaka zake wifi walikuja kumchukua. Walikuwa wapole, walisimama nje ya boma bila kuvua kofia. Mtoto hakwenda naye. Mtoto ni wa kwetu, baba mdogo alisema, na kwa desturi hilo lilikuwa kweli.

Alimkumbatia binti yake kwa muda mfupi sana, kama mtu anayekwenda sokoni na kurudi. Nilijificha nyuma ya jiko. Sikumuaga.

Bima ililipa. Nasema hivyo kwa sababu watu hupenda kusikia kampuni ziliwadhulumu, lakini wakala yule alifanya kila kitu alichoahidi, na kabla ya muda aliotaja. Nilikwenda na Baba kuchukua hundi. Mzee wa River Road alimpa pole, akafungua faili, akapita ule ukurasa wa nne haraka bila kunitazama. Baba alitia sahihi. Tukiwa tunashuka ngazi alisema, "Afadhali hatukuandika, mama. Tungeandika, wangesema tumemuuza." Nilimshika mkono kwa sababu ngazi zilikuwa na giza na magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Alinunua boti nyingine. Akaniomba nilinganishe kampuni tena, na nikalinganisha.

Mtoto alipofika umri wa shule nilimleta Nairobi, nikamlea mwenyewe. Nilikuwa nimehama Shauri Moyo, nimepata nyumba ya vyumba viwili mbali kidogo.

Ilipita miaka saba kabla sijamwona wifi. Nilikuwa nakata njia Majengo kwenda Gikomba kununua viatu vya shule, mchana wa Jumamosi, nikaona mwanamke amekaa chini mbele ya rundo la magunia, anashona. Nilimtambua kwa mikono. Nilisimama mbele yake. Yeye ndiye aliyenisalimu.

"Habari za siku nyingi, wifi."

Alisogeza gunia ili nikae. Nikakaa, na nilianza kulia kabla sijasema chochote, mbele za watu, mama mzima na kikapu. Nilimwambia nilichotaka kusema siku ile. Nilimwambia ilikuwa kuwachoma wao. Nilimwambia ningeandika, ningeandika lile jina mara mia.

"Nyamaza," akasema. "Yeye ndiye alinituma."

Sikuelewa.

"Mume wangu. Nilimwandikia ulipoanza kutafuta bima, akanitumia zile pesa kwa dereva wa lori la samaki. Alikuwa anaogopa maji. Kila siku alikuwa anaogopa. Hakujua kuogelea, wifi, angejulia wapi, hapa Shauri Moyo? Akaniambia, waambie waniandike, lakini Baba asijue naogopa."

Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Na ulipoulizwa," nikasema. "Mbele ya watu wote. Ungesema!"

"Niseme nini? Kwamba alikijua kifo chake akakiandalia pesa? Wangesema alijiitia kifo. Wangemzika kama mtu aliyejiua. Na Baba angejua kijana wake alipanda ile boti kwa kumwogopa yeye." Alichukua gunia jingine. "Afadhali waseme mimi. Mimi nilikuwa wa kuja tu."

Nilimwambia nitakwenda kwa Baba siku hiyo hiyo, nitamwambia baba mdogo, nitasema kanisani. Alinishika mkono, kwa nguvu, na kiganja chake kilikuwa kigumu kama ubao.

"Usiseme. Umeshasema mara moja."

Watu walipita katikati yetu na mizigo. Mwenye magunia alikuja akahesabu yaliyokamilika, akaondoka. Niliona kwamba wifi alikuwa anatafuta namna ya kuuliza kitu, anakiacha, anakirudia.

"Yuko darasa la ngapi?"

"La tatu. Anasoma vizuri. Ni mrefu, kama baba yake."

"Ananiulizia?"

"Kila siku," nilisema.

Alitabasamu, akainamia gunia lake. Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyekuwa akimtaja, na mtoto alikuwa ameacha kuuliza tangu darasa la kwanza.